Uongo Usiodanganya: Ngano, Picha na Historia ya Utumwa



Katika kazi ya kufundisha watoto wadogo yapo maneno ambayo mwalimu huyatamka kwa shida. Mojawapo ni neno utumwa. Mwalimu wa darasa la pili akiulizwa na mtoto, "Mwalimu, mtumwa ni nani?" huona mbele yake njia mbili, na zote mbili ni mbaya. Njia ya kwanza ni kunyamaza, na kumwambia mtoto kwamba atayajua hayo akikua. Njia ya pili ni kulainisha: kusema kwamba mtumwa alikuwa mtu wa kumfanyia kazi mtu mwingine, basi, kana kwamba mtumwa alikuwa kibarua aliyesahauliwa mshahara. Anayenyamaza humwachia mtoto aokote habari hizo njiani, na habari za kuokota mara nyingi huwa mbovu. Anayelainisha humdanganya.

Madhumuni ya mazungumzo haya ni kuonyesha kwamba ipo njia ya tatu, nayo ni kongwe kuliko shule yenyewe. Njia hiyo ni ngano. Ngano iliyosimuliwa zamani kando ya moto, siku hizi huweza kuchapwa katika kitabu cha picha na kufika mikononi mwa mtoto asiyejua bado kusoma vizuri. Ili mazungumzo yasiwe ya hewani, yafaa ushikwe mfano mmoja na kuchunguzwa kwa makini. Mfano huo ni wa Wamarekani Weusi, wajukuu wa Waafrika waliovushwa bahari ya Atlantiki wakiwa wamefungwa minyororo, ambao wamewaandikia watoto wao vitabu vya picha juu ya jambo zito kuliko yote katika historia yao.

NGANO YENYEWE

Mwaka 1985 mwandishi Virginia Hamilton, mzaliwa wa mji mdogo wa Yellow Springs katika jimbo la Ohio, alitoa mkusanyo wa ngano 24 za Wamarekani Weusi. Babu yake mwandishi huyo, mzaa mama, aliingizwa Ohio akiwa mtoto mdogo, akitoroshwa utumwani kutoka Virginia. Mkusanyo wake aliupa jina la mojawapo ya ngano hizo, The People Could Fly, maana yake Watu Waliweza Kuruka. Picha zilichorwa na Leo Dillon na mkewe Diane. Hamilton alifariki mwaka 2002. Mwaka 2004 ngano hiyo ilitolewa peke yake, kuwa kitabu cha picha chenye michoro ya rangi ya wachoraji wale wale.

Kwa ufupi, ngano inakwenda hivi. Hapo kale, huko Afrika, baadhi ya watu walikuwa na siri ya kuruka angani. Walikuwa na mabawa meusi yenye kung'aa. Walipokamatwa na kutiwa utumwani waliyavua mabawa yao, kwani ndani ya merikebu watu walisongamana hata pasiwe na nafasi ya bawa. Bahari iliwatesa, na wengi wakasahau kwamba waliwahi kuruka. Lakini siri haikufa. Iliendelea kukaa ndani ya watu waliofanana na watu wengine wote.

Katika shamba moja alikuwako mama kijana, Sarah, aliyelima huku amembeba mtoto wake mchanga mgongoni. Mtoto alilia kwa njaa. Mnyapara juu ya farasi akaamuru kilio kikome, na kiboko kikampiga mtoto, kisha kikampiga mama. Sarah akaanguka. Palikuwa na mzee mmoja, Toby, aliyekuja akamnong'oneza maneno ya kale ya Kiafrika. Sarah akainuka, miguu ikaachana na udongo, akapaa juu ya ua na juu ya msitu pamoja na mtoto wake. Kesho yake jua likawa kali, kijana mmoja akaanguka, naye Toby akamnong'oneza. Na baada yake mwingine, na mwingine. Mwenye shamba alipotaka Toby auawe, mzee alicheka, akayatamka maneno yale kwa wote, nao waliokuwa na siri wakashikana mikono wakaruka. Toby mwenyewe akafuata nyuma yao kama mchungaji.

Ngano hii ingaliweza kukoma hapo, na msikilizaji angaliridhika. Haikomi. Inasema kwamba wapo waliobaki. Hao hawakujua kuruka, na Toby hakuwa na muda wa kuwafundisha. Walitazama juu mpaka shingo zikauma, kisha wakarudi kwenye jembe, wakingojea nafasi ya kukimbia kwa miguu. Na hao waliobaki ndio waliowasimulia watoto wao habari za wale walioruka.

HISTORIA ILIYO NDANI YA NGANO

Mtu mzima asiyeijua historia ataiona ngano hii kuwa ndoto nzuri. Anayeijua ataona kwamba karibu kila sentensi yake imesimama juu ya jambo lililotendeka. Watafiti waliokusanya kumbukumbu za safari za merikebu za watumwa wanakadiria kwamba kati ya karne ya 16 na karne ya 19 Waafrika wapatao milioni 12 na nusu walipakiwa kuvushwa Atlantiki, na kwamba kiasi cha milioni 2 kati yao hawakufika. Ngano haina tarakimu hizo. Ina merikebu ambamo bawa halipati nafasi, na mtoto wa miaka saba analielewa jambo hilo mara moja.

Hata suala la kuruka lina mizizi yake. Mwezi Mei 1803, Waafrika wapatao 75, wa kabila la Waigbo kutoka nchi ambayo leo ni Nigeria, walinunuliwa katika bandari ya Savannah, jimbo la Georgia, wakapakiwa jahazini kupelekwa kisiwa cha St. Simons. Njiani waliasi, na Wazungu waliowalinda walijitosa majini wakafa. Jahazi lilipofika katika mkono wa bahari uitwao Dunbar Creek, Waigbo waliteremka, wakaingia majini kwa miguu yao wenyewe, na baadhi yao wakazama. Walichagua maji badala ya shamba.

Upande wa mabwana tukio hilo lilihifadhiwa katika barua. Upande wa watumwa halikuweza kuandikwa, kwani kumfundisha mtumwa kuandika kulikuwa kosa katika sehemu nyingi za kusini mwa Marekani. Jimbo la South Carolina liliweka sheria hiyo tangu mwaka 1740, na sheria hiyo hiyo ikawakataza watumwa ngoma zao. Aliyenyimwa kalamu na kunyimwa ngoma alibakiwa na ulimi. Katika miaka ya 1930 waandishi waliotumwa na mradi wa serikali walikwenda kuwahoji wazee weusi wa pwani ya Georgia, na maelezo yao yakachapwa mwaka 1940 katika kitabu kiitwacho Drums and Shadows. Wazee kadhaa walieleza, kwa uhakika wa mtu anayetaja habari za jirani, kwamba Waafrika walioletwa zamani walikataa kuchapwa, wakaweka majembe chini, wakaruka kurudi kwao.

Hapo ndipo ilipo historia ngumu. Nyuma ya neno "wakaruka" pana watu waliotoroka wasionekane tena, na pana watu waliokufa.

UONGO UNAOJITANGAZA

Mtu mwenye kupenda ukweli atauliza hapa swali la haki. Ikiwa watu walizama, mbona mtoto aambiwe kwamba waliruka? Je, huku siko kulainisha kule kule kulikolaumiwa mwanzoni?

Jibu la kwanza limo katika desturi za Waswahili wenyewe. Msimulizi wa pwani hufungua kwa kusema "Paukwa!" na watoto hujibu "Pakawa!" Mahali pengine husemwa: "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Mtoto anaukaribisha uongo kwa jina lake, mchana kweupe, naye anajua kwamba mlango umefunguliwa wa nchi nyingine, ambako sungura husema na watu huruka. Uongo unaojitangaza haumdanganyi mtu. Mdanganyifu ni yule anayefika bila kubisha hodi, amevaa kanzu ya kweli.

Jibu la pili ni kwamba ngano hii inaficha jambo moja tu, kusudi isifiche mengine. Kifo kimepewa mabawa. Lakini kiboko hakikugeuzwa kuwa kitu kingine. Kiboko ni kiboko, na kinampiga mtoto mchanga. Njaa ni njaa. Mwenye shamba hana huruma ya ghafula mwishoni. Na juu ya yote, waliobaki hawakusahauliwa. Ngano ya kulaghai ingalimrusha kila mtu. Hii inamwambia mtoto kwamba wengi, walio wengi mno, hawakupata mabawa, nao pia ni watu wake.

Mtoto mdogo hawezi kutazama kifo cha umati kwa macho makavu, wala haifai kumlazimisha. Ngano humpa mahali pa kusimama, ili atazame kiasi anachoweza. Akiwa na miaka sita ataona watu wanaruka. Akiwa na miaka kumi atauliza walikwenda wapi. Akiwa na miaka kumi na mitano ataelewa, wala hatasema kwamba mwalimu wake alimdanganya, kwa sababu mbegu ya jibu ilikuwamo ndani ya kitabu tangu siku ya kwanza.

KITABU CHA KWELI KILICHOSEMA UONGO

Ili jambo hili lionekane wazi, hapana budi kutaja mfano wa kinyume chake. Mwezi Januari 2016 kilitolewa huko Marekani kitabu cha picha kiitwacho A Birthday Cake for George Washington. Kitabu hicho hakikuwa ngano. Kilimhusu mtu wa kweli, Hercules, mpishi hodari na mtumwa wa Rais wa kwanza wa Marekani. Katika kitabu, Hercules na binti yake Delia wanataka kumwokea Rais keki ya siku ya kuzaliwa, na sukari imekwisha. Wanahangaika, wanafanikiwa, na katika picha nyingi nyuso zao zimejaa tabasamu. Wasomaji, wazazi na walimu walipiga kelele, na mwezi ule ule mchapishaji akakiondoa kitabu madukani.

Waliokitengeneza hawakuwa maadui wa watu weusi. Maelezo ya mwisho wa kitabu, yaliyoandikwa kwa ajili ya watu wazima, yalikiri kwamba Hercules alikuwa mtumwa na kwamba baadaye alitoroka. Lakini mtoto hasomi maelezo ya mwisho. Mtoto husoma nyuso. Na nyuso zile zilimwambia kwamba utumwa ulikuwa kazi ya jikoni yenye furaha.

Historia yenyewe ni hii. Hercules aliondolewa jikoni, akarudishwa shambani Mount Vernon, Virginia, na kutiwa katika kazi ngumu za mikono. Tarehe 22 Februari 1797, siku ya kuzaliwa bwana wake, alitoroka. Watoto wake walibaki utumwani. Miezi michache baadaye mgeni wa Kifaransa, Louis-Philippe, ambaye miaka mingi baadaye alikuja kuwa mfalme wa Ufaransa, alizuru Mount Vernon, na aliandika katika shajara yake kwamba mtumishi wake alimwuliza binti mdogo wa Hercules kama hasikitiki kwamba hatamwona tena baba yake. Mtoto alijibu kwamba amefurahi sana, kwa kuwa sasa baba yake yu huru. Binti huyo alikuwa na umri wa miaka sita.

Mwalimu anayedhani kwamba watoto wadogo hawawezi kuelewa utumwa na uhuru amkumbuke mtoto huyo. Alikuwa na umri wa mwanafunzi wa darasa la kwanza. Alielewa kwamba baba aliruka na kwamba yeye amebaki, akayaweka mambo yote mawili katika jibu moja. Kitabu kilichodai kusimulia habari za kweli kilimfanya baba yake atabasamu mbele ya keki. Ngano ya watu wenye mabawa, ambayo haidai kuwa kweli hata kidogo, ilisimulia maisha yake sawasawa.

KAZI YA MCHORAJI

Kutokana na kisa hicho ni dhahiri kwamba katika kitabu cha mtoto picha ni nusu ya maneno, na pengine zaidi. Hapa yafaa kumtaja mchoraji ambaye jina lake linahusiana na Afrika Mashariki. Tom Feelings, mzaliwa wa Brooklyn, New York, alikwenda Ghana mwaka 1964 kufanya kazi ya kuchora katika shirika la uchapishaji la serikali, akakaa huko hadi mwaka 1966, mwaka alioangushwa Nkrumah. Pamoja na mkewe, Muriel, aliyewahi kufundisha Uganda, alitoa mwaka 1971 kitabu kiitwacho Moja Means One, cha kuwafundisha watoto wa Marekani kuhesabu kwa Kiswahili, toka moja hadi kumi. Mwaka 1974 kikafuata cha alfabeti, Jambo Means Hello. Kwa watoto wengi weusi wa Marekani huenda hicho ndicho kilikuwa kitabu cha kwanza kuwaonyesha Afrika isiyo pori la wanyama na watu uchi: Afrika yenye soko, shule, mama na mlima Kilimanjaro.

Feelings alieleza kwamba alipokuwa Ghana rafiki yake Mghana alimwuliza ni nini hasa kiliwapata nyinyi mliochukuliwa. Jibu lake alilichora kwa karibu miaka 20. Mwaka 1995 lilitoka katika kitabu The Middle Passage, chenye picha 64 za safari ya merikebu, na hadithi yake yote imesimuliwa kwa picha bila maneno. Kitabu hicho hakifai kwa mtoto mdogo, wala hakikukusudiwa kwake. Kinafaa kwa kijana aliyekwisha kupita katika ngano. Mchoraji mmoja alitoa vitabu vya ngazi mbili: kwanza hesabu na furaha ya asili, baadaye uchungu wenyewe. Huo ni mpango mzuri wa mafunzo, na mwalimu yeyote ataufahamu.

Mchoraji mwingine, Faith Ringgold wa Harlem, aliyefariki mwaka 2024, alilichukua suala la kuruka akalileta katika mji wa siku zake. Katika kitabu chake Tar Beach cha mwaka 1991, mtoto wa kike, Cassie, amelala juu ya paa la ghorofa mwaka 1939, mara anaruka juu ya daraja kubwa la New York. Baba yake alifanya kazi ya kulijenga daraja hilo, lakini chama cha wafanyakazi kinamkatalia uanachama kwa sababu ya asili yake. Mwaka uliofuata, katika kitabu kingine, Cassie na mdogo wake wanakuta garimoshi angani, na mkuu wa garimoshi ni Harriet Tubman, yule mama aliyetoroka utumwani mwaka 1849 kisha akarudi mara 13 hivi kuwatoa watu wapatao 70. Mdogo mtu anapanda. Cassie anachelewa, na inambidi aifuate njia kwa miguu, usiku, kwa hofu, kama watoro walivyofanya. Ndoto ya garimoshi imemvuta mtoto. Njia ya miguu imemfundisha historia. Huo ndio ufundi wa vitabu hivi.

MAMBO YA KUZINGATIA

Kutokana na mifano hiyo, mwalimu, mzazi au ofisa mwenye dhamana ya kuchagua vitabu vya watoto anaweza kujiuliza maswali manne.

Kwanza: je, mdhalimu amebaki kuwa mdhalimu? Ngano inaweza kumpa mtumwa mabawa; haina ruhusa ya kumpa mwenye shamba moyo mwema ambao hakuwa nao.

Pili: je, wanaoonewa wana akili na utashi? Katika ngano ya Hamilton anayeokoa ni mzee wa wale wale watumwa, kwa maneno ya lugha yao wenyewe. Kitabu ambamo mnyonge anangoja mgeni mwema aje kumfungua kinafundisha unyonge.

Tatu: je, waliobaki wamo? Historia ngumu haina mwisho mwema kwa wote, na mtoto anayeambiwa kwamba wote waliokoka ataikuta kweli siku moja, naye atamhesabu mwalimu wake pamoja na waongo.

Nne: je, kitabu kinampa mtoto nafasi ya kuuliza? Hapa kazi ni ya mtu mzima. Kitabu cha picha hakisomwi na mtoto peke yake chumbani. Husomwa kwa sauti, picha zikielekezwa darasani, na kila ukurasa una kimya chake. Mwalimu asikimbilie ukurasa unaofuata. Mtoto akiuliza "Kwa nini hawakuwafundisha wale wengine?" huyo amefika mlangoni mwa historia, na mlango usifungwe usoni pake.

Wapo wanaosema kwamba mafundisho ya namna hii huwahuzunisha watoto. Tangu mwaka 2021 baadhi ya majimbo ya Marekani yametunga sheria za kuweka mipaka juu ya ufundishaji wa habari za ubaguzi wa rangi, na hoja mojawapo ya watetezi wake ni kwamba mwanafunzi asifanywe ajisikie vibaya kwa ajili ya rangi yake. Lakini huzuni si ugonjwa. Mtoto aliyesikitika kwa ajili ya Sarah na mtoto wake hakudhurika. Amejifunza kwamba mtu mwingine ni mtu. Anayedhurika ni yule aliyefundishwa kutabasamu mbele ya keki.

TOKA ATLANTIKI HADI MWAMBAO

Mfano wa Marekani una somo kwa mwambao wa Afrika Mashariki, ambako utumwa haukuwa habari ya mbali. Soko la watumwa la Mkunazini, Unguja, lilifungwa mwaka 1873. Lakini hadhi ya utumwa kisheria ilifutwa Zanzibar mwaka 1897, miaka saba baada ya Waingereza kuiweka nchi chini ya himaya yao, na Tanganyika mwaka 1922. Wazee waliozaliwa utumwani walikuwapo bado hai wakati ambapo wazee wa leo walikuwa watoto.

Habari hizo zimeandikwaje kwa Kiswahili? Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa, aliacha maisha yake aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili. Watu waliobeba pembe zake hawakuacha kitabu. Mwaka 1934 James Mbotela alichapisha Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichosomwa sana mashuleni, nacho kina thamani kubwa kwa kuwa kinasimulia mateso ya waliotekwa. Lakini ndani yake mkombozi ni Mwingereza na merikebu yake. Likiwekwa mbele yake swali la pili, kitabu hicho kitapata taabu kujibu.

Tena historia ya mwambao ni ngumu kwa namna nyingine, ambayo huwafanya watu wazima wakohoe na kubadili mazungumzo. Katika mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba chini ya msimamizi walikuwapo nokoa na kadamu, na kwa kawaida hao walikuwa watumwa vile vile, waliopewa madaraka juu ya watumwa wenzao. Bara walikuwapo wakuu waliowauza mateka wao. Pwani walikuwapo wenye majumba waliowanunua. Wajukuu wa wote hao leo wanakaa dawati moja, wanasoma kitabu kimoja. Mwalimu akisema kwa mkato, "Fulani aliwauza akina fulani," anaweza kuwasha moto darasani. Akinyamaza, moto huo utawashwa na wengine, nje ya darasa, wasio na nia njema.

Kwa kazi hii hasa ngano inafaa kuliko hotuba. Katika ngano nokoa anaweza kuwa fisi aliyepewa mkia wa simba, akasahau kwamba ni fisi, mpaka siku simba alipoutaka mkia wake. Watoto wote watamcheka fisi huyo, wala hapana atakayemtazama mwenzake kwa jicho la kulaumu. Watakapokua na kusoma jina la nokoa katika vitabu vya historia, watamtambua, kwa kuwa walikwisha kukutana naye. Ngano haitafuti mjukuu wa kulipa deni. Inafundisha kulitambua tendo lenyewe, lirudipo kwa sura nyingine.

Malighafi ipo. Wapo bibi na mababu wa Bagamoyo, Pangani, Kilwa na Ujiji wenye masimulizi waliyopokea kwa wazee wao. Wapo wachoraji hodari. Wapo walimu wanaojua ni neno gani mtoto wa miaka saba huelewa na lipi humpita. Kinachotakiwa ni kuwakalisha pamoja, kabla wazee hao hawajaondoka na walichonacho. Wale waandishi wa Georgia waliwakuta wazee wao wakati bado wapo. Miaka 20 baadaye wangaliyakuta makaburi.

Ndugu walimu, katika shamba lile la pamba waliofanya kazi ya ualimu hawakuwa wale walioruka. Walioruka walikwenda zao, na habari zao zingalikwenda nao. Waliofundisha ni waliobaki, ambao jioni, baada ya jembe na kiboko, waliwaweka watoto karibu na moto na kuwaambia kwamba watu wao waliweza kuruka. Hawakuwa na kitabu, wala ubao, wala mshahara. Mwalimu wa leo anavyo vyote vitatu, hata kama ni kwa uchache. Mtoto atakapomwuliza mtumwa ni nani, amkalishe karibu, afungue kitabu, aanze kwa "Paukwa!" na asiuruke ukurasa wa waliobaki.